Acheni kutubandika hiyo asilimia 40: wafugaji wadogo wa Nairobi tumechoka kusomewa mashtaka

Nauliza kwa hasira na sitaomba radhi: nani aliamua kwamba mfugaji mwenye ng'ombe wawili kule Njiru ndiye wa kusimamishwa kizimbani kwa gesi joto za nchi nzima?

Juma lililopita wafugaji wa upande wa Ruai, Kamulu na Njiru tuliitwa semina katika hoteli moja hapa jijini. Kijana akawasha projekta, likatokea duara la rangi rangi, kipande kikubwa kuliko vyote kimeandikwa Kilimo, asilimia 40. Akasema, "Wazee wangu na mama zangu, huyu ndiye mchafuzi nambari moja Kenya, na mmejaa humu ndani." Basi. Hakueleza asilimia 40 ya nini, ya mwaka gani, wala imepatikanaje. Mama aliyekaa kando yangu akaniuliza polepole, "Kwani wanataka tuuze?" Anasomesha watoto kwa maziwa yale.

Asilimia yenyewe si ya uongo. Hesabu ambazo Kenya iliwasilisha Umoja wa Mataifa Desemba 2020 zinasema mwaka 2015 tulitoa tani milioni 93.7 za gesi joto, na kilimo kilikuwa karibu asilimia 40. Zaidi ya nusu ya hiyo ni methani, gesi joto inayotoka matumboni mwa mifugo. Ng'ombe anacheua, methani inatoka, hilo halina ubishi. Lakini gawa hizo tani kwa Wakenya wa mwaka huo, kila mmoja anapata kama tani 2. Mmarekani mmoja anapita 15. Na kilimo cha Marekani ni karibu asilimia 10 tu ya gesi zao. Je, ina maana wakulima wao ni wasafi kutushinda? La hasha! Ina maana magari yao, viwanda vyao na mitambo yao ya umeme vimefurika hadi shamba halionekani.

Sisi kipande cha kilimo kinaonekana kikubwa kwa sababu vipande vya stima, magari na viwanda ni vidogo. Karibu asilimia 90 ya stima yetu inatoka kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana, upepo wa Loiyangalani na jua. Kadiri tunavyosafisha stima, ndivyo fungu la ng'ombe litakavyozidi kunenepa kwenye duara, hata kama hajaongezeka ndama mmoja. Uingereza yamewakuta hayo hayo: wamezima makaa ya mawe, mtambo wa mwisho wakaufunga Septemba 2024, na fungu la kilimo chao limepanda tangu 1990 ilhali tani zenyewe za kilimo zimeshuka. Mtu anayelipwa kufundisha watu tabianchi hawezi kukosa kulijua jambo hili.

Ikaja slaidi ya pili, na hapo ndipo damu iliponichemka. Alichukua takwimu kutoka taarifa ya kwanza ya taifa kuhusu gesi joto, ile ya 2002, akaziweka bega kwa bega na za juzi, akachora mshale mwekundu kwenda juu. Huo ni udanganyifu, awe alikusudia au hakukusudia. Nawaonyesha kwa ng'ombe mmoja. Miongozo ya kuhesabu gesi ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, ya 1996 ilimpa ng'ombe wa maziwa wa Afrika kilo 36 za methani kwa mwaka. Miongozo ya 2006 ikampa kilo 46. Nayo methani yenyewe, kwa kupasha dunia joto, kilo moja ilikuwa ikihesabiwa sawa na kilo 21 za kaboni dioksaidi, ikawa 25, ikawa 28. Zidisha 36 kwa 21, unapata 756. Zidisha 46 kwa 28, unapata 1,288. Ng'ombe ni yule yule, boma ni lile lile, nyasi ni zile zile, na kwenye karatasi "uchafuzi" wake umepanda kwa asilimia 70. Ndiyo maana anayefanya kazi hii kwa uaminifu hurudi nyuma akahesabu miaka yote upya kwa kipimo kimoja. Kwa ng'ombe wa maziwa kazi hiyo imeshafanywa hapa Kenya, kwa undani, kuanzia 1995 hadi 2017. Mbona hakuileta hiyo?

Isitoshe, ile kilo 46 ni ya Afrika na Mashariki ya Kati kwa mkupuo mmoja, na imekadiriwa kwa ng'ombe anayetoa kilo 475 za maziwa kwa mwaka, hata lita moja na nusu kwa siku haifiki. Mfugaji wa Githunguri, anayekama zaidi ya hapo, akisikia hivyo si atashangaa?

Na hapo hapo ndipo kulikuwa na somo la maana, lakini alilipita. Katika jedwali lile lile la miongozo ya 2006, ng'ombe wa Ulaya Magharibi ana kilo 117 za methani, lakini maziwa kilo 6,000. Kwa kila kilo ya maziwa, wetu ana gramu 97 hivi na wa kwao 20. Tofauti iko kwenye lishe, mbegu na afya. Sasa nenda duka la pembejeo uulize bei ya gunia la kilo 70 la chakula cha ng'ombe, kisha uje uniambie nani anashindwa kupunguza methani, na kwa nini.

Watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, wako Kabete, ni safari ya matatu tu. Walipima mavi na mkojo wa ng'ombe kwenye nyasi zetu, wakakuta gesi ni kidogo kuliko viwango vya IPCC tunavyoazima. Wakapima pia samadi inayorundikana bomani miaka nenda miaka rudi, wakakuta inatoa naitrasi oksaidi nyingi, gesi joto nyingine, ambayo ilikuwa haihesabiwi. La kwanza linatutetea, la pili linatuuma, na yote mawili nayataka mezani. Nikiambiwa nizoe samadi mapema niipeleke shambani au kwenye bayogesi, hiyo ni kazi naweza kuianza kesho. Nikiambiwa mimi ni mchafuzi nambari moja, nifanye nini nayo?

Ukame wa 2020 hadi 2023 uliua zaidi ya mifugo milioni 2 nchini. Wenye mifugo hiyo walikuwa Marsabit, Wajir, Kajiado, wengi wao watu ambao hawajawahi kumiliki gari. Hao nao wamo ndani ya ile asilimia 40.

Waandaaji, najua mnasoma hapa. Tuleteeni tani, si duara peke yake. Andikeni mwaka na miongozo mliyotumia chini ya kila mchoro. Wekeni gesi kwa kila lita ya maziwa. Na ile slaidi ya mshale mwekundu iondoeni kabla hamjaipeleka Kiambu na Machakos. Aliyeipiga picha siku ile aiweke hapa tuichambue pamoja, nami nitaweka hesabu yangu yote.