KIA hadi Minneapolis: mama atakaa safarini saa ngapi hasa?

Binti_Kibosho: Habari zenu wadau. Mama yangu anaondoka KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) Januari kwenda Minneapolis, Marekani, kumwona mjukuu, mtoto wa kaka yangu. Hajawahi kupanda ndege. Tiketi inasema anaondoka Jumatatu saa 2:30 usiku, anafika Jumanne saa 6 mchana. Hapo napata saa 15 na nusu, ila kaka anasema ni zaidi ya siku nzima. Miguu ya mama huvimba akikaa sana, ndiyo maana nauliza. Halafu anabadilisha ndege Amsterdam, si kuzunguka huko? Kuna jirani katuambia bora apitie Doha.

Wakala_Moshi: Dada, kaka yako yuko sahihi. Tiketi huandika saa za mahali ndege inapoondoka na inapotua. Januari Minneapolis iko nyuma yetu kwa saa 9, kwa hiyo mama akitua saa 6 mchana, huku Moshi ni saa 3 usiku. Jumla saa 24 na nusu.

Kuzunguka hakupo. Ramani ya ukutani inadanganya. Mezani kwangu nina tufe la dunia, wateja nawapa uzi wauvute wenyewe. Ukiuvuta kutoka KIA hadi Minneapolis unapita Sahara, unapita Hispania, ndipo unavuka Atlantiki: km 13,340 hivi. Kupitia Amsterdam ni 6,900 kujumlisha 6,690, yaani umeongeza km 250 tu. Kwa barabara hizo hazikufikishi hata Tanga! Kupitia Doha halafu Chicago hadi Minneapolis ni zaidi ya km 15,500, na kipande cha Doha–Chicago peke yake ni saa 14 na ushee kwenye kiti kimoja. Kwa miguu ya mama, hapana. Tena Chicago angepita uhamiaji, achukue mabegi, ayakabidhi upya, atafute ndege nyingine, peke yake. Akipitia Amsterdam, uhamiaji anaumaliza Minneapolis penyewe, kaka yuko nje anamsubiri.

Jambo moja uliza: ndege inapitia Dar kwanza? Ikipitia, inashuka kusini km 450 ndipo igeuze kwenda Ulaya. Amsterdam–Minneapolis weka saa 9, upepo unakuja usoni. Kurudi ni kufupi kidogo.

Mama_Junior_Arusha: Mwombee kiti cha magurudumu mapema, hata kama anatembea vizuri. Hulipii, na anapata mtu wa kumpeleka mpaka mlango wa ndege ya pili. Kiti achukue cha kando ya njia ili ainuke bila kuomba ruhusa. Soksi za kubana amuulize daktari kwanza.

Binti_Kibosho: Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimepiga simu: inapitia Dar, abiria wa KIA hawashuki. Kiti cha magurudumu wamekiandika. Amsterdam atasubiri kama saa 4, nitamfungia ndizi za kuchoma.

Wakala_Moshi: Azile kabla ya kutua Marekani. Matunda na vyakula vibichi wanazuia pale forodhani.