Mama anakataa mofini kwa sababu ya imani: tumjibu nini?

Binti wa Masaka
Tumsifu Yesu Kristo. Mama yangu ana saratani ya mlango wa kizazi iliyokwisha kusambaa hadi mifupani, nasi tunamuuguza nyumbani tangu madaktari waliposema kwamba limebaki la kumtuliza tu. Muuguzi wa hospisi, huduma ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona, alituachia chupa ya mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, ya kijani, lakini kila nikimpelekea kijiko anafumba midomo na kugeukia ukutani, rozari ikiwa imezungushwa kiganjani, akisema kwamba hata Yesu alipopewa divai iliyotiwa manemane aliikataa. Kaka yangu naye ananong'ona kwamba dawa hiyo ni kumwua mgonjwa polepole. Je, Kanisa linasemaje hasa?

Katekista mstaafu
Milele, amina. Dada, la kaka yako halina ugumu: Katekisimu, namba 2279, inaruhusu dawa za kutuliza maumivu hata pale zinapoweza kufupisha siku za mgonjwa, mradi kifo chenyewe kisikusudiwe, na Papa Pius XII alikwisha kuwaeleza madaktari hivyo mwaka 1957. La mama ni zito zaidi. Kuunganisha mateso yake na ya Kristo ni tendo jema, na Papa Yohane Paulo II aliandika barua nzima juu ya jambo hilo mwaka 1984. Hata hivyo hakuna muumini anayelazimika kuteseka bila dawa, na huyo aliyeikataa divai ndiye aliyeomba kule Gethsemani kikombe kimwondokee. Msimshurutishe. Mwiteni padre ampe Mpako wa Wagonjwa sasa, akili zikiwa timamu, maana wengi wetu (nami nilifanya hivyo kwa baba yangu) tunamwita padre wakati mgonjwa hawezi tena hata kuungama.

Muuguzi, Mbarara
Kijani hicho ni rangi tu, iliyotiwa ili chupa za nguvu tofauti zisichanganywe. Dawa hii imekuwa ikitumika Uganda tangu Daktari Anne Merriman aanzishe Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na sisi wauguzi tuliosomea tiba shufaa, yaani ya kumtuliza mgonjwa asiyeponyeka, tunaruhusiwa kisheria kuiandika. Mgonjwa huanza na kiasi kidogo kila baada ya saa nne, kikapandishwa taratibu kwa kadiri ya maumivu, na ikipimwa hivyo haimwui mtu. Akilala sana siku mbili tatu za kwanza, mara nyingi analipa deni la usiku aliokesha, lakini asipoamshika mpigieni muuguzi wenu mara moja. Ulizeni pia dawa ya kulainisha choo, kwa kuwa mofini hufunga tumbo.

Swali ambalo mimi humwuliza mgonjwa kama mama ni hili: maumivu yanakuachia nafasi ya kusali? Wengi hukiri kwamba hawamalizi hata fungu moja la rozari.

Binti wa Masaka
Asanteni sana. Padre alikuja jana, wakazungumza faraghani kwa muda mrefu, na jioni mama akanywa, akalala hadi alfajiri. Ameweka sharti moja: siku ya Ijumaa hataki kijiko mpaka saa tisa alasiri ipite.

Muuguzi, Mbarara
Mwambie muuguzi wenu kuhusu Ijumaa hiyo ili apange saa za dawa pamoja naye, badala ya nyinyi kubishana naye kitandani.