Gumzo la familia, Lubumbashi: Jumapili, 22 Juni 2025

Fiston: Jamani mmesikia? Usiku wa kuamkia leo Marekani imeingia katika vita ya Israel na Iran. Ndege 7 za kivita za B-2 zimepiga vituo vya nyuklia vya Iran, Fordow na Natanz, na kile cha Isfahan kikapigwa kwa makombora ya nyambizi. Trump anasema vyote vimefutika kabisa.

Yaya Mado: Basi vita imekwisha? Iran imebaki na nini tena?

Papa: Polepole, wanangu. Nani ameshuka kule chini akaona? Picha za satelaiti zinaonyesha matundu juu ya mlima tu, na Fordow imechimbwa kama mita 80 ndani ya mwamba. Sibishi, bomu lile la Marekani lina zaidi ya kilo 13,000. Lakini mimi nimezeekea chini ya ardhi, Kipushi. Mgodi hauuawi na shimo la juu. Ulizeni umeme, ulizeni hewa, ulizeni pampu. Kipushi hakuna aliyeitupia bomu: mgodi ulikuwa umesimama tangu 1993, na 2011 pampu zilishindwa, maji yakapanda, ikachukua miaka kuyatoa. Sasa sentrifuji, zile mashine za kurutubisha urani, zinazunguka kwa kasi kubwa mno, zikitikiswa au umeme ukikatika ghafla zinavunjika zenyewe. Kwa hiyo mashine, naamini zimeumia. Urani ni habari nyingine. Ile iliyorutubishwa hadi 60% ilizidi kilo 400, inabebeka kwa gari, na siku chache kabla ya shambulio malori yalionekana yamepanga foleni mlangoni pale Fordow.

Fiston: Lakini Papa, makombora ya Iran yanapungua. Usiku wa kwanza yalikuja kwa makumi, sasa ni machache. Israel inasema imevunja nusu ya mitambo ya kuyarushia.

Papa: Hesabu iko hapo. Kati ya Iran na Israel ni kama kilomita 1,000, na Irak iko katikati, hakuna jeshi litakalovuka kwa miguu. Tutazame nani ataishiwa kwanza, anayerusha au anayezuia. Kombora la Arrow, lile la Israel la kuzuia, ni ghali na haliundwi kwa wiki moja. Na Alhamisi kombora moja la Iran lilipenya, likapiga hospitali ya Soroka kule Beersheba.

Mama Mdogo: Niliona. Jengo la upasuaji limeungua, vioo vimetapakaa hadi koridoni. Mungu alisaidia wagonjwa walikuwa wameshahamishwa. Na Tehran watu wanakimbia na watoto, foleni ya magari haina mwisho. Iran yenyewe inasema wamekufa zaidi ya 400, Israel 24. Shemeji, mnahesabu makombora, hesabuni na hao.

Papa: Kweli, shemeji. Hao ndio wa kwanza.

Fiston: Leo bunge la Iran limeunga mkono kufunga Hormuz, mlango wa bahari wa kutokea Ghuba. Huku Kolwezi kiwandani hakuna habari nyingine. Salfa nyingi ya kutengenezea asidi inatoka Ghuba, na bila asidi shaba haitoki kwenye mawe. Na bei ya mazutu, yaani dizeli, mtaiona.

Papa: Hawatafunga kirahisi, mafuta yao wenyewe ya kuuzia China yanapita hapo hapo. Mimi naogopa zaidi Iran isije ikapiga kambi za jeshi la Marekani, ile ya Qatar hasa.

Mama Mdogo: Yesu! Mwanangu yuko Dubai kununua bidhaa, ndege yake ni keshokutwa!

Papa: Asitoke hotelini kabla kampuni ya ndege haijamthibitishia. Na pesa ya kontena asiilipe kwanza.

Mama Mdogo: Nampigia sasa hivi.