"Umezidi vigezo": kama hamtaki kuniajiri semeni, msisingizie elimu yangu

Wakuu, acha nitoe dukuduku kabla sijapasuka.

Nimetoka kupigiwa simu sasa hivi. Nafasi ya karani wa stoo, kazi ninayoijua nje ndani: kupokea mzigo, kuhakiki, kuingiza kwenye mfumo, kufunga hesabu za mwezi. Dada wa rasilimali watu, kwa sauti tamu kabisa: "Usaili ulifanya vizuri sana, ila jopo limeona umezidi vigezo." Nimefanya vizuri, kwa hiyo nimekosa! Hii ni akili au matope?

Ila siku ile niliiona inakuja. Mwenyekiti wa jopo alikuwa anafunua wasifu wangu kwa kidole kimoja. Alipofika kwenye shahada ya uzamili akasita, akamsogezea mwenzake, wakatazamana. Baada ya hapo stoo haikutajwa tena. Ikawa "utakaa kweli hapa?", mara "ukipata kubwa zaidi si utatukimbia?" Hakuna aliyeniuliza nataka mshahara kiasi gani. Wamenipangia mshahara mnono vichwani mwao, halafu wakaninyima kazi kwa sababu ya huo mshahara ambao sijauomba.

Na huko kukimbia, mwenye cheti hakimbii? Kila mtu anaondoka akipata panapolipa zaidi, ndiyo maana mikataba ina notisi. Leteni mkataba wa miaka miwili nisaini hapo hapo.

Kuna jamaa huko Marekani, Robert Jordan, aliomba upolisi mji wa New London. Mwaka 1996 akafanya mtihani wa kupima akili, akapata 33. Wenyewe walikuwa wanaita kwenye usaili waliopata 20 hadi 27 tu, eti wenye akili nyingi wataichoka kazi na kuondoka wakati wameshagharamiwa mafunzo. Akaenda mahakamani. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ikasema hakubaguliwa, kwa kuwa waliozidisha alama wote walipimwa kwa kigezo hicho hicho. Yaani mkionewa wote sawasawa, imekuwa haki! Na mahakama hiyo hiyo mwaka 1991, kwenye kesi ya mzee mmoja dhidi ya kampuni ya Time, ilishasema kumkataa mtu mzima kwa kigezo cha elimu na uzoefu kupita kiasi ni kuficha kwamba wanamwona mzee. Kwa hiyo mchezo unajulikana.

Tusidanganyane, mara nyingine anayeogopa wala si kampuni. Ni bosi wa kitengo anayeona kiti chake kinatikisika.

Najua atatokea mtu aseme "ficha hiyo shahada". Nimeshafanya! Nikaitwa fasta, swali la kwanza: "Hii miaka miwili hapa ulikuwa wapi?" Nilikuwa darasani, na hilo ndilo jibu pekee ambalo siwezi kulitoa. Nikabaki natafuna maneno kama mtu aliyetoka jela.

Kama kuna afisa ajira humu, anijibu: kwa nini matangazo yenu yanataja kiwango cha chini cha elimu tu? Andikeni "mwisho diploma", tusipotezeane muda na nauli. Na nyie mliowahi kuficha vyeti mkapenya, lile pengo mlilijaza na nini?