Naomba ushauri: leseni ya Tanzania hapa Ujerumani

Habari zenu wakuu. Niko Ujerumani, huu ni mwezi wangu wa tano tangu nihamie. Nimekuja kwa kazi ya kuhudumia wazee majumbani, na mwajiri anataka niendeshe gari mwenyewe kwenda kwa wagonjwa. Nina leseni ya Bongo ya TRA, daraja D (magari madogo ya binafsi), na nimeendesha miaka saba bila kesi.

Nilidhani nitabadilisha tu, kumbe wapi. Leseni yetu inaruhusiwa miezi 6 tangu uhamie, na Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi zinazobadilishiwa bila mtihani. Kwa hiyo nifanye nadharia na vitendo, pamoja na kupima macho na kozi ya huduma ya kwanza. Ile ya kimataifa nayo haiongezi muda. Ukipitisha miezi 6 ukaendelea kuendesha, hilo ni kosa la jinai, siyo faini ya kawaida.

Nafuu iliyopo ni kwamba kisheria sisi tulio na leseni ya nje tayari hatulazimiki idadi fulani ya masomo. Ila shule ya udereva niliyoenda inanisukumia masomo 20! Najua kuendesha kulia kunanichanganya, juzi nilifungua mlango wa abiria nikidhani ndiko kwenye usukani, lakini 20 jamani?

Waliopitia hapa, mlichukua masomo mangapi kabla ya mtihani wa vitendo? Nadharia mlifanya kwa Kiingereza au Kijerumani? Kiswahili hakimo. Na mwajiri nimwambieje kuhusu huu mwezi uliobaki?