Naomba ushauri: maana ya "aromatiki" katika kemia ogania

Ndugu wataalamu wa kemia, naomba ufafanuzi kuhusu neno aromatiki. Naelewa kwamba asili yake ni Kigiriki, aroma, yaani kiungo chenye harufu nzuri, na kwamba katika karne ya 19 kampaundi za jamii ya benzini ziliitwa hivyo, ingawa nyingi hazina harufu ya kupendeza hata kidogo. Tangu kazi ya mwanasayansi Mjerumani Erich Hückel ya mwaka 1931, kigezo kimekuwa pete bapa yenye elektroni za pai (zilizo juu na chini ya ubapa wa pete) 4n+2, n ikiwa 0, 1, 2 na kuendelea, zinazoenea pete nzima, kama 6 za benzini. Kinachonitatiza ni nitrojeni: katika piroli (pete ya atomi tano, moja ikiwa nitrojeni) jozi yake ya elektroni isiyofungwa, yaani isiyotumika katika bondi, huhesabiwa, lakini katika piridini (pete ya atomi sita, moja ikiwa nitrojeni) haihesabiwi. Je, mnaamuaje bila kukariri kampaundi mojamoja?