Hakohoi wala hana homa, anaambukizaje?

Mleta mada:
Wakuu, UVIKO-19 imeniachia maswali mpaka leo. Mgeni aliyetuletea ugonjwa hakuwa na hata chafya. Homa ilimpanda kesho yake, ameshaondoka. Halafu baba mdogo alianza kupata nafuu, akawa anakula vizuri, kisha wiki ya pili akazidiwa ghafla. Hivi virusi vinafanyaje kazi? Naomba anayeelewa anieleze taratibu.

Mchangiaji wa 1:
Pole sana ndugu. Linganisha na SARS ya 2003, ugonjwa wa mapafu ulioletwa na kirusi cha jamii moja na hiki. Ile, mgonjwa alitoa virusi vingi zaidi akiwa tayari hoi kitandani, kwa hiyo kutenga wagonjwa kulisaidia sana kuizima. Hiki cha 2019 huzaliana kwa wingi puani na kooni mapema, na mtu huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya kujisikia vibaya.

Mleta mada:
Bila kukohoa? Mimi nilijua ni mate na kushika vitu.

Mchangiaji wa 2:
Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi wodi ya wagonjwa hawa. Kuongea kunatosha, kuimba ndiyo zaidi. Machi 10, 2020, huko jimbo la Washington, Marekani, watu 61 walifanya mazoezi ya kwaya kwa saa mbili na nusu. Mmoja alikuwa na dalili kama za mafua ya kawaida. Jumla ya waliougua, yeye akiwemo, ilifika 53, na wawili wakafariki. Matone makubwa huanguka karibu, lakini chembe ndogo za pumzi huelea ndani ya chumba kilichofungwa. Fungueni madirisha jamani, hilo silichoki kulisema.

Kuhusu baba mdogo: kirusi kina miiba ya protini inayonasa kwenye kipokezi kiitwacho ACE2, kilichopo kwenye seli za puani hadi mapafuni. Kikishuka mapafuni kinashambulia vifuko vya hewa, pale oksijeni inapoingilia kwenye damu. Siku za mwanzo kirusi ndicho kinachoharibu. Baadaye, kwa baadhi ya watu, kinga ya mwili yenyewe inapitiliza, vifuko vinavimba na kujaa majimaji. Ndiyo maana mtu anaweza kuonekana anapona, kumbe kipindi kibaya bado.

Mchangiaji wa 1:
Na ndiyo maana deksamethasoni, ambayo inatuliza kinga, ilipunguza vifo kwa karibu theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia. Majibu ya utafiti yalitoka Uingereza Juni 2020. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuonyesha faida yoyote. Msiinywe nyumbani eti mnajikinga.

Mleta mada:
Lakini baba mdogo hakulalamika kubanwa pumzi. Tungejuaje?

Mchangiaji wa 2:
Msijilaumu. Nilimhudumia mama mmoja aliyekuwa ameketi anaongea na simu vizuri kabisa, kipimo cha oksijeni ya damu kidoleni kinasoma asilimia 80. Kinachomfanya mtu ahisi kukosa pumzi ni hasa kabonidayoksaidi kurundikana mwilini, na yeye alikuwa bado anaitoa vizuri. Oksijeni ilikuwa inashuka kimyakimya. Kwa hiyo mzee au mwenye kisukari apimwe kidoleni kila siku, hata homa ikiisha, hasa wiki ya pili. Ikishuka chini ya 94, nendeni hospitali siku hiyohiyo. Midomo ikibadilika rangi au akianza kuchanganyikiwa, hata kipimo msisubiri.